Mita Moja na Nusu

Wewe wa gari la kijivu, usiwashe injini kwanza.
Hapa Oulu, Januari, jua huchungulia saa nne asubuhi
na saa tisa limeshaaga,
nami nauzunguka uwanja huu wa duka tangu giza la kwanza,
wino wa kalamu umeniganda mara mbili.
Faini yako nimeshaiandika. Iko chini ya wipa.
Lakini kuna mambo hayakuenea kwenye karatasi.

Unasema: dakika mbili tu, mkate na maziwa.
Unasema: theluji ilifunika mistari, ningejuaje?
Unasema, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa:
wala sikuegesha penye alama ya kiti,
nimejibanza kando, penye uwazi, pasipo na mtu.

Uwazi huo una mwenyewe.
Ni mita moja na nusu, nimeupima kwa utepe,
na leo mwenyewe ni Aune Kortelainen,
aliyesambaza barua mitaa ya Tuira miaka ishirini na sita
kwa baiskeli, mpaka miguu ilipoanza kumkana:
kwanza kidole gumba, kisha goti,
kisha goti la pili, kana kwamba yameambiana.
Mlango wa gari lake hufunguka ubavuni,
rampu hutoka kama ulimi,
na ulimi hauwezi kusema ukiwa umebanwa na meno.

Aliegesha sawasawa. Kadi kiooni.
Akaingia, akanunua samaki, betri, na uzi wa sufu wa buluu.
Akatoka, akakukuta.
Kati ya bati lako na bati lake
ungepita mkono wa mtoto, tena usio na glavu.

Haya, zihesabu nami dakika zako mbili.
Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Dukani wakatangaza namba ya gari lako, mara ya kwanza,
mara ya pili. Wewe ulikuwa kwenye jibini.
Nilimkuta amejifunika magoti kwa mfuko wa karatasi,
vyuma vya magurudumu vimeota ukungu mweupe,
naye anacheka. Ndiyo, anacheka,
maana mtu akilia uwanjani
watamjia kumi kumpa pole
na hakuna hata mmoja atakayesogeza gari.
"Kijana," akaniita, mimi wa miaka hamsini na minane,
"sikuja kuhurumiwa. Nilikuja kununua samaki."

Sijifanyi malaika.
Mwaka juzi nilimkaripia mvulana hapa hapa,
Taneli, aliyeruka garini kwa miguu yake mizima.
Nikapaza sauti ili watu wasikie.
Hakujibu. Alinionyesha kadi, halafu,
kwa kuwa sikunyamaza, akafungua vifungo vya shati
kwenye baridi ile, nikauona mshono
kuanzia kooni kushuka hadi mahali nilipokosa pa kuficha macho.
Hatua ishirini, midomo yake hugeuka zambarau.
Tangu siku ile nasoma kadi. Miguu siisomi.

Na usidhani ni wewe peke yako.
Juzi usiku gari la kukwangua theluji
lilimwaga kichuguu kizima juu ya nafasi hizi,
kama vile kiti cha magurudumu hulala kipindi cha baridi
pamoja na dubu.
Nimewaandikia nao. Wamejibu kwamba watajibu.

Tazama, yule kijana wa vitoroli ameleta ufagio.
Hakutumwa. Anafagia kwa hasira,
na rangi ya njano inajitokeza, mstari, mstari,
hapo hapo chini ya tairi lako.

Sasa washa.
Rudi nyuma. Taratibu. Zaidi.
Usimpungie mkono, usifungue kioo umwombe radhi
akusamehe uende umetulia; hana muda, samaki anayeyuka
kwa jinsi anavyompakata.
Zaidi kidogo.
Hapo.
Acha rampu ishuke.